Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii: Nani Atalipa?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto, kuhara na usafi wa vyoo. Mara hii tunaleta jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana ni la shule tu: namna ya kulipia masomo ya Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii. Tunalileta kwa sababu mbili. Kwanza, katika parokia zetu za Songea, Namtumbo, Tunduru na Mbinga wako vijana wengi waliokwisha kupata shahada ya kwanza ya uuguzi, udaktari au afya ya mazingira, nao sasa wanataka kuendelea. Wakikosa fedha huzigeukia familia zao, na familia nyingine huuza shamba kabla ya kuuliza maswali ya lazima. Pili, mkoa wetu unawahitaji mno wataalamu wa aina hii. Ni vema basi tuelewe masomo haya ni nini, yanagharimu nini, na nani anaweza kuyalipia.

NI MASOMO GANI HAYA?

Daktari au muuguzi wa wodini humhudumia mgonjwa mmoja mmoja. Mtaalamu wa afya ya jamii, ambayo wengine huiita afya ya umma, hutazama kijiji kizima, wilaya nzima au taifa zima, akiuliza: kwa nini watu hawa wanaugua, na tufanye nini ili wasiugue?

Tuchukue mifano miwili ya hapa kwetu. Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyokuwa na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi. Ugonjwa huo huleta mwasho mkali wa ngozi na hatimaye upofu. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya Mectizan dhidi ya ugonjwa huo. Lakini dawa ya bure iliyokaa ghalani haimponyi mtu. Ilibidi watu wapange ni vijiji gani vipewe, kila mtu apimwe urefu ili kujua idadi ya vidonge, wanakijiji wenyewe wachague wagawa dawa, na kazi hiyo irudiwe mwaka hadi mwaka. Huo ndio utaalamu wa afya ya jamii.

Mfano wa pili ni udumavu. Mkoa wetu hulima mahindi mengi hata kulisha mikoa mingine. Hata hivyo, idadi ya watoto wetu wenye udumavu imekuwa juu ya wastani wa taifa, ambao katika utafiti wa mwaka 2022 ulikuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Ghala limejaa na mtoto hakui. Jambo hili haliwezi kutibiwa kwa sindano. Linahitaji mtu anayejua kukusanya takwimu, kuzichambua, kuzungumza na akina mama na akina baba, na kuishawishi halmashauri itenge fedha mahali panapofaa.

NANI ANAWEZA KUSOMA, NA WAPI?

Uzamili ni shahada ya pili. Katika mfumo wa sifa wa vyuo vikuu vyetu, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 na uzamili ni ngazi ya 9. Kwa hiyo mwenye cheti au stashahada hawezi kuruka moja kwa moja. Yampasa kwanza apate shahada ya kwanza. Mzazi akiambiwa na mtu kwamba kijana wake wa stashahada atapata uzamili kwa mwaka mmoja, ajue kuna jambo halijakaa sawa.

Hapa nchini masomo haya hutolewa na vyuo kadhaa. Kinachofahamika zaidi ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kipo pia Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, Bugando, Mwanza, kilichoanza mwaka 2003, na kile cha KCMC, Moshi. Kabla ya kulipa chochote, hakikisheni kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba chuo na programu yenyewe vinatambuliwa. Anayesoma nje ya nchi naye lazima shahada yake itambuliwe na Tume hiyo atakaporudi.

Tena, ipo njia ya kusoma kwa masafa. London School of Hygiene and Tropical Medicine, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899, hufundisha afya ya jamii kwa njia hiyo, na mwanafunzi huweza kubaki kituo chake cha kazi. Njia hii huokoa kodi ya chumba na nauli, lakini inadai kompyuta, intaneti ya uhakika, na moyo wa kusoma usiku baada ya zamu.

GHARAMA SI ADA PEKE YAKE

Familia nyingi hukosea hapa. Huulizwa ada, wakaitafuta ada, wakashangilia. Baada ya miezi mitatu kijana anapiga simu kwamba hana chakula. Ada hubadilika na hutofautiana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo ombeni karatasi ya ada ya mwaka husika kutoka chuo chenyewe. Kisha andikeni gharama zote.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni zetu wenyewe za kujifunzia, si za chuo chochote. Tuseme masomo ni ya mwaka mmoja mjini Dar es Salaam:

Ada na michango ya chuo: Sh. 5,000,000
Chumba, Sh. 100,000 kwa miezi 12: Sh. 1,200,000
Chakula na daladala, Sh. 12,000 kwa siku 360: Sh. 4,320,000
Utafiti na uchapaji wa tasnifu: Sh. 1,500,000
Kompyuta, bima ya afya na vitabu: Sh. 1,200,000
Nauli za kwenda na kurudi Songea: Sh. 300,000
Jumla: Sh. 13,520,000

Mnaona wenyewe: katika mfano huu ada haifiki hata nusu ya jumla. Fungu la utafiti ndilo linalosahaulika zaidi. Kila mwanafunzi wa uzamili wa aina hii hutakiwa kufanya utafiti na kuandika tasnifu. Anahitaji kibali cha maadili, nauli za kwenda vijijini, posho za wasaidizi na karatasi za maswali. Wengi humaliza masomo ya darasani, wakakwama hapo, na shahada ikachelewa kwa kukosa fedha ya hatua ya mwisho.

Ipo pia gharama isiyoandikwa kwenye karatasi. Kama kijana ni mfanyakazi na ataacha kazi bila mshahara, mshahara wote wa mwaka huo ni gharama. Wadogo zake aliokuwa akiwalipia shule watalipiwa na nani? Jambo hilo lizungumzwe mapema.

NANI HULIPA?

(a) Mwajiri. Hii ndiyo njia ya kwanza ya kuuliza, wala si ya mwisho. Mtumishi wa umma hapaswi kufunga mizigo na kwenda chuoni kimyakimya. Aandike barua kwa mwajiri wake, kwa wengi wetu ni Mkurugenzi wa Halmashauri, akipitia kwa mkuu wake wa idara, aombe kuingizwa katika mpango wa mafunzo na apewe ruhusa ya masomo. Mwenye ruhusa halali huweza kuendelea kupata mshahara wake hata kama ada analipa mwenyewe, na mshahara huo ni msaada mkubwa kuliko ufadhili mwingi mdogo mdogo. Asiye na ruhusa huhesabiwa mtoro na aweza kupoteza kazi. Hospitali za mashirika ya dini nazo huweza kumsomesha mfanyakazi wao kwa mkataba: akimaliza, arudi na kutumikia miaka iliyokubaliwa, ama arudishe fedha. Mkataba huo usomwe wote kabla ya kutia sahihi, na familia ipate nakala.

(b) Serikali. Wizara ya Afya hutangaza ufadhili unaobeba jina la Rais Samia kwa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi. Ufadhili huo huelekezwa zaidi kwenye tiba ya hospitalini, hata hivyo matangazo yasomwe kila mwaka. Ama kuhusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, yafaa tueleze wazi: mikopo yake imelengwa zaidi kwa shahada ya kwanza, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imewafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Nafasi za uzamili ni chache na zina masharti ya pekee. Familia isijenge mpango wake wote juu ya tumaini hilo.

(c) Ufadhili kutoka nje. Upo, ni wa kweli, na Watanzania huupata. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa mwaka 1959 na hugharimia masomo Uingereza, pamoja na mengine kwa masafa. Chevening, nao wa Uingereza, hudai uzoefu wa kazi wa walau miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani. DAAD ya Ujerumani hugharimia kozi zinazohusu maendeleo, zikiwamo za afya ya jamii, na kwa kawaida haimtaki mwombaji ambaye amehitimu zamani mno. Mipaka ya miaka sita hutajwa mara nyingi. Ufadhili wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1987, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. KAAD, shirika la Kikatoliki lenye makao yake Bonn, husaidia wasomi wa nchi zinazoendelea, wakiwamo wa Afrika.

Angalieni kwamba karibu wote hawa wanadai uzoefu wa kazi. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka huu asikate tamaa akikosa. Afanye kazi miaka miwili au mitatu, tena ikiwezekana huku vijijini ambako matatizo yanaonekana kwa macho. Barua ya maombi inayoeleza jinsi kituo cha afya fulani kilivyoongeza idadi ya akina mama wanaojifungulia kituoni ina nguvu kuliko barua ya maneno mazuri matupu.

Anayefikiri kujilipia mwenyewe ng'ambo afahamu bei zake. Uingereza, ada ya mwanafunzi wa kigeni kwa kozi ya namna hii mara nyingi hupita pauni 20,000 kwa mwaka. Katika vyuo vikubwa vya Marekani hupita dola 50,000, na chakula bado. Hakuna shamba la kahawa la familia moja litakalobeba mzigo huo.

(d) Mkopo wa benki au SACCOS. Hapa tunaomba umakini. Ulizeni neno moja: riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki, au juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho? Tuseme mtu amekopa Sh. 6,000,000 kwa miezi 36, riba asilimia 17 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, atalipa kama Sh. 213,900 kwa mwezi, jumla karibu Sh. 7,700,000. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, atalipa Sh. 251,667 kwa mwezi, jumla Sh. 9,060,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti yazidi Sh. 1,300,000!

Kumbukeni pia kwamba aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi anaendelea kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwenye mshahara wa Sh. 1,200,000 anakatwa Sh. 180,000 kabla hajagusa mkopo mpya. Ongezeni kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na bima. Utaratibu katika utumishi wa umma hutaka makato yote yamwachie mtumishi walau theluthi moja ya mshahara wake. Lakini theluthi moja ni Sh. 400,000, nayo ndiyo ya kula, kupanga na kusomesha watoto. Kile ambacho benki inakubali kukata, na kile ambacho nyumba inaweza kuvumilia, ni vitu viwili tofauti.

(e) Familia na jamaa. Sisi ni hodari wa michango. Harusi ikitangazwa, kamati huundwa, kadi hugawiwa, na mamilioni hupatikana kwa miezi mitatu, kisha huliwa kwa usiku mmoja. Hatusemi harusi isisherehekewe. Tunauliza tu: je, ukoo uliowahi kukaa kikao cha harusi hauwezi kukaa kikao cha masomo? Mchango wa namna hiyo uwe na mweka hazina na daftari, na fedha ya ada ilipwe moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo, isipitie mikononi mwa watu watatu.

KABLA YA KUUZA SHAMBA

Shamba ni la familia nzima, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Tunashauri lisiuzwe kwa ajili ya uzamili. Mazao ndiyo yauzwe. Na hapa kuna hesabu ya kalenda: mahindi yetu huvunwa na kuuzwa wakati wa kiangazi, na vyuo vingi hufunguliwa Oktoba au Novemba. Anayetafuta ada kwa haraka hulazimika kuuza wakati wa mavuno, soko likiwa limejaa na bei iko chini. Familia iliyopanga mwaka mmoja kabla huweza kuweka magunia, ikaacha chakula cha nyumbani kwanza, ikauza kidogo kidogo bei inapopanda.

Kabla ya uamuzi, baba, mama na kijana waketi pamoja wajibu maswali haya:
1. Je, mwajiri ametoa ruhusa kwa maandishi?
2. Je, tuna hesabu ya gharama zote, au ada tu?
3. Fedha ya utafiti itatoka wapi?
4. Akiugua au akichelewa miezi sita, tutafanyaje?
5. Akirudi, cheo na mshahara vitabadilika, au vitabaki vile vile?

Swali la tano ni gumu, nalo huepukwa. Shahada ya pili haimpandishi mtumishi cheo yenyewe kwa yenyewe. Hutegemea muundo wa utumishi wa kada yake na nafasi zilizopo. Aende kwa afisa utumishi aulize kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

JIHADHARINI NA MATAPELI

Wako watu wanaotuma ujumbe wa simu wakisema: "Umechaguliwa kupata ufadhili, tuma fedha ya kufungulia faili." Chevening na Jumuiya ya Madola hawatozi ada ya kuomba. Mfadhili wa kweli ana tangazo linaloonekana na kila mtu, ana tarehe ya mwisho, ana masharti magumu, na mara nyingi huhoji mwombaji. Anayekupa bila kukuhoji na kukuomba fedha usiku, huyo ni mwizi. Wapo pia wanaojitolea kumwandikia mwanafunzi tasnifu kwa malipo. Huo ni udanganyifu, na chuo kikigundua humfukuza mwanafunzi au humnyang'anya shahada. Fedha zote za familia huwa zimepotea.

NA KAZI BAADA YA HAPO?

Kwa miaka mingi wahitimu wengi wa afya ya jamii waliajiriwa na miradi ya wafadhili, hasa ya ukimwi, kwa mishahara mizuri kuliko ya Serikali. Yatupasa tuseme kweli: hali hiyo imebadilika. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1, 2025 shirika la USAID lilikoma kuendesha misaada hiyo. Watumishi wa miradi katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, walipoteza kazi. Kwa hiyo anayekopa leo asipige hesabu ya kulipa deni kwa mshahara wa mradi aliousikia miaka iliyopita. Apige hesabu ya mshahara alio nao sasa. Ukiongezeka, na tumshukuru Mungu.

Lakini mabadiliko hayo hayapunguzi haja ya wataalamu hawa. Yanaiongeza. Wafadhili wakiondoka, ni lazima wabaki watu wa kwetu wanaojua kutumia fedha kidogo kwa jambo lenye faida kubwa. Wilaya yenye mtu wa namna hiyo hutambua mlipuko wa kipindupindu ungali na wagonjwa wawili. Isiyo na mtu huyo hutambua wodi ikiwa imejaa.

Kwa hiyo, wazazi wetu wapendwa, kijana akija na ombi hili msimkatalie kwa hofu, wala msimkubalie kwa fahari. Mwambieni alete barua ya chuo, barua ya mwajiri na hesabu kamili, kisha ukoo ukae. Nawe kijana, ukisomeshwa kwa jasho la wakulima wa mahindi wa Songea, kumbuka kwamba miongoni mwa wale watoto wenye udumavu wapo wa nyumba hizo hizo zilizokuchangia. Deni la benki lina mwisho wake. Hili la pili hulipwa kwa kurudi na kufanya kazi. Haba na haba hujaza kibaba: anzeni mwaka huu kuweka kidogo, na kuandika barua ya kwanza kwa mwajiri.